Koti la Mzee wa Lifti

Saa sita mchana duka la vyombo vya umeme lilikuwa limefurika, na wanunuzi hasa hawakuzidi watatu. Waliobaki walikuwa wamekodoa macho kwenye televisheni za ukutani, zote zikitangaza jambo moja: filamu tano zitakazowania tuzo kuu ya mwaka. Ya tano ilipotajwa, mwanamume mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mzee wa lifti wamemwacha nje," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kando yake alisimama mwanamke wa gauni la kijani aliyekuja kununua pasi. Alikuwa ametoka kazini mbio, futi ya kupimia nguo ingali inaning'inia shingoni. Alishindwa kujizuia, akacheka.

"Pole kwa msiba, kaka."

"Cheka tu. Ile filamu ya yule mzee mwendesha lifti nimeitazama mara nne."

"Mara nne? Kazini unakwenda saa ngapi?"

"Mimi fundi miwani, dada. Hao waamuzi tisa waje dukani kwangu niwapime macho, maana kuna tatizo."

Hapo kicheko kikamkauka. Mwanamke huyu alikuwa ameshona mavazi ya filamu kwa miaka ishirini, na mwaka huu kwa mara ya kwanza alikuwa ameitwa kuwa mwamuzi. Tena aliyeikataa filamu ya mzee wa lifti alikuwa yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Angesema palepale yangeisha. Lakini umekutana na mtu mwenye macho mazuri namna ile, unaanzaje kumwambia kwamba wewe ndiye mbaya wake?

Basi alinyamaza, wakapeana namba, na simu zikaanza. Fundi miwani alimpigia asubuhi kumwuliza kama amekunywa chai, akampigia mchana kumwuliza kama amekula.

"Fundi, umeamkaje?"

"Fundi ni wewe. Mimi mshonaji."

"Basi mshonaji wangu, umeamkaje?"

Moyo wa mwanamke, uliokuwa umezoea kushughulika na pindo na mikunjo tu, ukaanza kwenda mbio kila simu ilipoita. Fundi miwani alimtengenezea miwani yake iliyolegea mguu. Naye akampunguzia suruali tatu, akimcheka kwamba alikuwa akitembea anafagia barabara. Walipendana, nisikuzungushe. Tatizo ni kwamba kila walipoketi, yule bwana hakukosa kurudi kwa mzee wake. Na gazeti lilipoandika kwamba filamu ile ilikosa kura moja tu kati ya tisa, na sharti ni wote wakubali, mshonaji hakula siku nzima.

Wiki ya sita fundi miwani alikuja kwenye chumba cha kushonea na karatasi mkononi.

"Mpenzi, nimewaandikia wale waamuzi. Nisomee kama kuna makosa."

Barua ilikuwa fupi. Haikutukana mtu. Ilisema: sitaki mbadilishe chochote. Yule mmoja aliyekataa aniambie tu, alikosa nini mle ndani?

Mshonaji akaiweka barua juu ya cherehani.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa."

Fundi miwani alidhani ni utani wao wa kawaida. Alipomtazama vizuri, tabasamu likamfutika.

"Ulikosa nini?"

"Koti. Mzee amevaa koti lenye vifungo upande wa kushoto. Hilo ni la kike, la kiume vifungo vyake hukaa kulia. Nikasema hawa watengeneza filamu hata nguo hawazijui, nikazima."

"Ulizima dakika ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Kwa hiyo hukuitazama. Na wiki sita zote unaniacha naongea."

"Niliogopa kukupoteza."

Alikunja barua yake taratibu, akaitia mfukoni, akatoka. Hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililomuuma mshonaji zaidi.

Siku nne simu haikuita. Siku ya tano ilipoita alikuwa dada yake mkubwa, naye akamsimulia yote.

"Unalia nini, mdogo wangu, na filamu yenyewe hujaiona? Itazame kwanza, halafu ulie."

Kweli. Alasiri ile alifunga mlango, akaweka sindano mbali, akaketi. Mzee alipanda na lifti yake akashuka nayo, siku baada ya siku, na koti lake la kahawia la vifungo vya kushoto. Mshonaji akavumilia. Karibu na mwisho, jirani anamwuliza mzee mbona koti lake limegeuka. Mzee anashika kifungo cha juu, anajibu kwa upole kwamba koti si lake, ni la marehemu mke wake, na tangu amzike hajalivua ila wakati wa kulala.

Mshonaji alilia mpaka miwani ikalowa. Miaka ishirini alikuwa anaangalia vifungo, na siku moja vilipokuwa na jambo la kumwambia, alizima.

Kabla hajapiga simu aliandika barua yake. Alikiri kwa waandaaji wa tuzo kwamba alipiga kura bila kutazama, akaomba asiitwe tena. Orodha haikubadilika, na alijua haitabadilika. Ndipo akabonyeza ile namba.

"Nimefika kwenye koti," alisema.

Fundi miwani akauliza polepole: "Kwenye kifungo cha juu?"

"Hapo hapo."

"Hapo mimi hulia kila mara. Usitoke, nakuja."

Alifika akihema, shati halina pasi siku hiyo. Aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani, akamfuta machozi kwa kile kitambaa chake laini cha kusafishia vioo.

"Nimekukasirikia sana," alisema. "Na nimekukumbuka kuliko nilivyokasirika. Tuoane, mshonaji wangu. Na ukinitangulia kufa, mimi nitavaa koti lako."

"Halitakuenea. Tazama mabega yako yalivyo mapana."

"Basi anza kushona makoti yako makubwa kuanzia sasa. Tuna muda."

Mshonaji aliitoa futi shingoni, akamwambia asimame wima, akaanza kumpima mabega.