Gia Ishirini na Moja za Maximilian

Ndugu zangu wa Tlawi, na ninyi wa Dongobesh mliopiga makofi siku ile mnadani, leo mtanisikiliza. Mimi Konsolata nina hasira, na sitaificha.

Jumapili moja ya Januari, mwaka 2003, jirani yangu Maximilian alikuwa akirudi kutoka misani, amempakia mkewe Judica kwenye keria. Judica alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka saba. Walipanda mlima wetu polepole, wakisalimia watu, Judica akicheka. Baiskeli ilikuwa ya marehemu baba yake Maximilian, katekista, aliyepewa na mapadri akazungukia nayo vigango vyote. Ilikuwa nzito na imekwaruzika, lakini ilikuwa na gia tatu zilizofungiwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mnyororo wake umefunikwa bati. Tope halikuwa na pa kuingilia.

Niambieni, hapo palikuwa na shida gani?

Shida ilikuwa midomo ya watu. Biashara na nchi za nje ilikuwa imefunguliwa, mitumba ya kila namna inamwagwa mnadani, na watu wakaanza kumcheka Maximilian eti anaendesha masalia ya mapadri. Basi akashuka Dongobesh siku ya mnada, akaona baiskeli moja nyekundu, gia zote ziko nje, meno juu ya meno. Muuzaji akamwambia zipo ishirini na moja.

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo sisi watu wa huku. Tunapima mali kwa idadi. Mwenye ng'ombe watatu tunampita, mwenye ishirini na mmoja tunamtafutia kiti. Maximilian alizihesabu gia kama anahesabu zizi.

Bura, fundi baiskeli wa pale, alimvuta kando. Nilikuwepo, nauza vitunguu saumu vyangu.

"Kaka, angalia hiki kikono kinachoning'inia hapa nyuma," Bura alisema. "Ndicho kinachohamisha mnyororo. Kikigonga jiwe kinapinda, tope likiingia gia zinaruka. Hii ni ya barabara kavu, tena kwa asiyepakia mtu. Baki na yako."

"Tatu na ishirini na moja, zipi nyingi?" Maximilian aliuliza.

"Mlimani unatumia moja tu. Cha muhimu isikuangushe."

"Wewe fundi gani hutaki kazi?" Watu wakacheka.

"Kazi naitaka," Bura alijibu. "Hiyo yako siitaki."

Akabadilishana baiskeli na muuzaji palepale, na juu yake Maximilian akaongeza mbuzi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele.

Nyumbani Judica aliitazama, akauliza, "Siku yangu ikifika, hii itanibeba?"

"Mwanamke unajua nini habari za gia?" ndilo jibu alilopewa.

Masika yakaja. Asubuhi moja ya Aprili mvua inanyesha, barabara imekuwa utelezi, gari la kwenda mjini limekwama. Judica uchungu ulimshika tangu jana yake mchana, mtoto hashuki, na mkunga akasema apelekwe hospitali sasa hivi. Maximilian akampakia. Mimi nilitembea nyuma, nikimshika mgongo asianguke.

Katikati ya mlima Maximilian akatafuta gia nyepesi. Kile kikono, ambacho mawe yalikwisha kukipinda, kikaingia kwenye spoki. Kikavunjika, mnyororo ukajisokota, gurudumu likakaza. Baiskeli iliyokatika mnyororo unaweza kuisukuma. Hii haikwenda hata hatua moja.

"Iache, tumbebe!" nilimwambia.

"Subiri mama, inatoka," alisema, amechuchumaa anavuta mnyororo kwa mikono yenye tope.

Judica amenining'inia shingoni, analia, na mwanaume anasema inatoka. Alisema hivyo hadi nikachoka kuhesabu. Aliogopa kuiacha njiani isiibiwe! Mwishowe nilipiga kelele, wanaume waliokuwa shambani wakaja na kitanda, wakambeba. Tulifika hospitali saa sita mchana imepita. Judica aliokolewa. Mtoto, wa kike, alikuwa amekwisha kufa.

Mnadhani niliishia kukasirika hapo? Bado. Mama mkwe wa Judica akasimamia ile mila ya zamani, kwamba mwanamke aliyefiwa na kichanga ana mkosi, asivuke mlango wa jirani, asichote maji na wenzake. Judica akafungiwa ndani. Maximilian je? Wiki mbili hazikuisha, ameshapata kikono kipya, yuko kilabuni anawaonyesha watu.

Nilikwenda nikasimama dirishani kwa Judica.

"Shikamoo mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu."

"Mama, mimi nimekosa nini?"

Kesho yake nilikusanya akina mama wa jumuiya. Tuliingia mle ndani mchana kweupe, tukanawa, tukala ugali na Judica sahani moja. Maximilian akatukuta.

"Mama Konsolata, mbona mnavunja mila? Na isitoshe ile baiskeli sasa imepona, fundi wa Mbulu amesema..."

"Nenda kalale nayo," Judica alisema. Hakupaza sauti. Alichukua khanga yake, akatoka na sisi, akavuka mlango wa nyumba yangu mbele ya mama mkwe wake, na hadi leo anaishi kwangu.

FUNZO

Baiskeli huchaguliwa kwa njia yako na mzigo wako, haichaguliwi kwa macho ya wapita njia. Penye tope, mawe na mlima, gia chache zilizofungiwa ndani ni bora kuliko nyingi zilizo wazi. Fundi akikuonya, msikilize. Na umuulize atakayepakiwa, kwa sababu roho iliyo kwenye keria ni yake. Tena acheni kumfungia mwanamke ndani kwa ujinga wa mume wake. Nami niliyepiga vigelegele nimo katika lawama hii, na ninyi mliopiga makofi mmo.