Mshono wa Mwambani

"Pita pale katikati," alisema Dada Mkubwa, akanyoosha kidole kwenye pengo kati ya visiwa viwili. "Si mnaona maji yametulia? Au mnataka mnizungushe mpaka nitapike na ini?"

Nyuma yao wingu lilikuwa limeshuka mpaka likagusa bahari, na upepo ulikuwa umeanza kuja kwa mikupuo, ukinyamaza kidogo kisha ukipiga kwa nguvu. Fundi, aliyekuwa ameshika kamba ya tanga, aliangalia pengo lile mara moja tu. Rangi ya maji ilikuwa imepauka. Chini yake palikuwa na mwamba.

"Tuzunguke kwa nje," alimwambia mumewe. "Ni mbali kidogo lakini tutafika. Pale tutakwama."

Mumewe ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Alimlisha, alimsomesha, alimchapa, na mpaka leo, mwanamume mwenye mvi kidevuni, mtengenezaji wa majokofu anayegombewa na wenye mabucha mji mzima, hakuwahi kumwambia hapana. Akageuza usukani kuelekea pengoni.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile la mkuu lilisikiwa vizuri sana, na mashua ikavunjika.

Kishindo cha kwanza kilitokea chini ya miguu yao. Mashua ilipanda mwamba, ikakaa upande, kisha wimbi likaja kwa nyuma likailaza kabisa. Mlingoti ulikatika. Waya uliokuwa ukiushikilia ulifyatuka, ukampiga Dada Mkubwa chini ya goti, ukampasua nyama kama kitambaa. Alianguka majini kinywa wazi, boya lake la kuvaa likampandia shingoni, wimbi la pili likamfunika.

Fundi alimrukia. Usidhani ilikuwa huruma. Alimshika nywele, akamvuta kwa hasira, akimeza maji na kuyatema, mpaka miguu yake ikapata jiwe la kukanyaga. Hakutaka mwanamke yule afe kabla hajasema neno moja alilokuwa akilisubiri kwa miaka.

Neno lenyewe lilimhusu mtoto. Fundi alijifungua mara moja tu maishani mwake, na mtoto hakulia. Dada Mkubwa alikuwa mkunga, na ndiye aliyempokea, akamwosha, akamfunga. Na siku ya msiba, mbele ya wanawake waliokaa chini chumba kizima, alisema bila kupunguza sauti, "Mtoto huyu ametimiza miezi yake yote. Ndugu yangu miezi tisa iliyopita alikuwa wapi?" Ndugu yake alikuwa kwenye mji wa mbali, akifunga mitambo ya baridi kiwandani. Wanawake wakahesabu kwa vidole chini ya khanga. Maneno ya mkunga nani atayabisha? Mtoto akazikwa, na kwenye kibao chake pakaandikwa jina la mama peke yake.

Lakini mumewe alikuwa amekuja. Alitoroka kazini msimu wa mvua, akalala nyumbani siku mbili, akarudi. Fundi alijua, mume alijua. Na baada ya msiba mume alimwapia mkewe kwamba amemweleza dada yake kila kitu, na dada amekataa kusikia. "Unamjua dada," alisema. Fundi alimjua. Tangu hapo yeye na wifi yake walisalimiana kwa meno.

Kwa hiyo Dada Mkubwa alipostaafu na kuandika kwamba anakuja kupumzika, na mume akasema wamtembeze visiwani kwa mashua yao, Fundi alikubali upesi mno. Kwenye nyumba mtu akibanwa huondoka. Baharini hakuna mlango. Alikusudia kumbana mpaka aseme mbele ya ndugu yake kwamba alidanganya.

Sasa walikuwa kwenye kisiwa kisichofaa hata kuitwa kisiwa, mgongo wa mawe makali na kinyesi cha ndege, bila mti wala majani. Dhoruba iliwapiga, ikapita, jua likatoka kana kwamba halijui lolote. Simu zote zilikuwa zimekunywa maji. Mume aliogelea kwenye mabaki ya mashua akarudi na dumu moja la maji ya kunywa, madumu mengine matupu, kipande kikubwa cha tanga, na sanduku la kazi la mkewe. Fundi alikuwa mshonaji wa matanga na maturubai. Hakusafiri popote bila sindano zake.

"Mguu huu haufungiki kwa kitambaa," alisema Dada Mkubwa. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini sauti ilikuwa ile ile ya wodini. "Damu haikomi. Una uzi?"

"Ninao wa tanga."

"Na sindano?"

Fundi alimwonyesha. Ilikuwa ndefu, nene, yenye kingo tatu, ya kutoboa turubai lililokunjwa mara nne.

"Ichome kwa kiberiti cha gesi. Osha kidonda kwa maji ya bahari, mengi, utoe mchanga. Na chini usizibe kabisa. Acha tundu, uchafu upate njia."

Mume alikuwa akifunga tanga kwenye mawe ili wapate kivuli. Fundi akavaa kiganjani kile kipande cha ngozi anachosukumia sindano, akapiga magoti, akaushika mguu wa wifi yake kwa mkono wa kushoto.

"Nimesubiri sana kukushika hivi," alisema, akachoma.

Dada Mkubwa alisaga meno. Mguu ulitetemeka wote. "Shona. Maneno baadaye."

"Maneno sasa. Mwanangu ulimkataa kwa nini?" Akavuta uzi. Aliuvuta taratibu kuliko ilivyohitajika, na moyoni akafurahi, na furaha ile haikumtia aibu hata kidogo.

"Sikumkataa mtu. Nilisema nilichokiona." Alipumua. "Mtoto alikuwa ametimia. Nimezalisha nusu ya mji ule, wifi, siwezi kukosea mtoto aliyetimia. Na ndugu yangu hakuwepo."

"Alikuwepo!" Sindano ikaingia tena. "Alikuja, na ulijua kwamba alikuja. Alikwambia mwenyewe, ukaziba masikio!"

Dada Mkubwa akajiinua kwa viwiko, uzi ukining'inia mguuni.

"Alikuja lini?"

Sindano ilisimama.

"Msimu wa mvua," alisema Fundi. "Siku mbili."

"Akapita kwangu?"

"Hakupita."

Katika ukoo ule kulikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Kijana akitoka safari, begi lake hutua kwanza nyumbani kwa dada. Akishasalimia, akishakula, ndipo anaruhusiwa kwenda kwa mkewe. Dada Mkubwa aligeuza shingo polepole akamtazama ndugu yake, aliyekuwa amewapa mgongo, akifunga fundo ambalo lilikuwa limeshafungwa.

"Wewe. Ulikuja?"

"Dada, sasa hivi tuangalie mambo ya maji—"

"Nimekuuliza. Ulikuja? Uliniambia?"

Mume akainamia fundo lake. Ndege walipiga kelele juu yao, bahari ikapanda na kushuka kwenye mawe, na yeye hakusema kitu.

Fundi aliutazama mgongo ule wa mumewe. Mtu huyu alikaa naye msibani bega kwa bega, akamfuta machozi kwa kitambaa chake, huku ufunguo wa mambo yote uko mfukoni mwake. Neno moja tu lingetosha. Akamwacha mtoto wake aingie ardhini bila baba, kwa sababu aliogopa kuulizwa kwa nini begi halikutua kwa dada. Kisha akampa mkewe adui wa kumchukia, ili asimchukie yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, na Fundi alikuwa akiifua nguo hiyo kila wiki.

"Malizia," Dada Mkubwa alisema kwa sauti ndogo. "Bado pamebaki."

Fundi akamalizia. Sasa alishona kwa hatua fupi, zilizolingana, kama anavyoshona tanga la kwake mwenyewe.

Kesho yake mguu ulikuwa umevimba na dumu lilikuwa limepungua sana. Hakuna chombo kilichopita, maana kila mwenye akili alizunguka kwa nje. Ng'ambo ya mkondo kilionekana kisiwa kikubwa chenye mnara wa mawasiliano, na mbele yake ndiko boti za doria hupita. Fundi alichukua mlango wa chumba cha mashua, akaukatia tanga, akashona mifuko pembeni, akatia humo madumu matupu na kuyafunga mdomo, ukawa chelezo. Alifanya kazi hiyo asubuhi nzima bila kumtazama mumewe. Naye mumewe alimletea kila kitu kabla hajaombwa, kamba, kisu, maji, na Fundi akavipokea bila asante.

Walipokijaribu, chelezo kilibeba wawili. Wa tatu alipopanda kilizama upande.

"Nitashika kwa nyuma niogelee," alisema mume.

"Utatuvuta chini."

Labda ilikuwa kweli, labda haikuwa. Fundi hakujisumbua kupima. Aligawa maji sawasawa kwa watu watatu, akamwekea fungu lake kivulini, kwa sababu hakutaka baadaye mtu aseme alimwonea.

"Mtarudi?" mume aliuliza. Alikuwa amesimama majini mpaka magotini, midomo imepasuka kwa chumvi. "Mke wangu. Mtarudi kunichukua?"

Fundi alifunga boya lake kifuani. Alimpa jibu ambalo mumewe mwenyewe alikuwa bingwa wake, akanyamaza.

"Kaa hapo," dada yake alimwambia, kama anayemwambia mtoto wa darasa la kwanza. "Kaa ufikirie."

Mkondo uliwashika mara tu walipoacha mawe. Fundi alipiga kasia kwa ubao wa sakafu, akiwa amepiga magoti, chumvi ikimla vidonda vya mikono. Chelezo kilitaka kwenda baharini kabisa, mnara ukawa unakimbilia upande usiotakiwa.

"Kulia, wifi," alisema Dada Mkubwa, aliyelala kifudifudi mbele, mguu umefungwa juu ya dumu. "Unaliwa na maji. Kulia zaidi."

"Naona."

"Huoni. Mimi ndiye ninayetazama. Kata mkondo, usishindane nao."

Alikuwa sahihi, na hilo lilimuudhi Fundi kuliko jua. Alikata mkondo kwa mshazari. Mabega yakamwaka moto. Dada Mkubwa naye akaingiza mikono majini akasukuma, mzee wa watu mwenye homa, akihema. Wakati fulani, bila kugeuka, alisema:

"Alikuwa na masikio ya ndugu yangu. Yale ya kuchongoka juu. Niliyaona nilipokuwa namwosha."

Fundi aliacha kupiga kasia.

"Nikajiambia nimechoka, macho yananidanganya. Sikutaka kuyaona." Alisukuma maji mara moja. "Ndugu yangu hakuniambia, sawa. Lakini masikio niliyaona."

"Hilo nalo utalijibu," alisema Fundi.

"Nitalijibu. Piga kasia, tunarudi nyuma."

Boti ya doria iliwakuta wakiwa wameshaupita mnara, Fundi akipiga kasia kwa mazoea tu. Vijana wenye sare waliwanyanyua, wakawapa maji kidogo kidogo kwa kizibo. Kamanda wao, mtu mnene mwenye miwani ya jua, alichuchumaa mbele yao.

"Mko wangapi?"

Fundi alimtazama. Lilikuwa swali jepesi mno. Wawili. Angesema wawili tu, na boti ingegeuka. Dada Mkubwa alimtazama pia, macho yamemjaa machozi, na huyu aliyemlea yule mtu kwa mikono yake hakufungua mdomo. Alimwachia mwenye haki yake aamue.

"Mama, nimeuliza. Mko wangapi?"

"Watatu," alisema Fundi. "Mmoja yuko mwambani. Nitawaonyesha."

Boti haikuweza kusogea karibu na mawe. Ilibidi mtu arushiwe kamba, ajifunge, avutwe. Mume alikuwa ameshasimama ukingoni, akipunga mikono yote miwili, akilia waziwazi. Kijana mmoja alishika kamba. Fundi akaichukua mikononi mwake.

"Bado," alisema.

"Mama, huyo mtu ana kiu," alisema kamanda.

"Ana maji. Nilimwachia." Akasimama mbele ya boti, kamba mkononi, akapaza sauti. "Sema!"

Mume alishusha mikono. Alielewa mara moja. Hakuuliza aseme nini. Alimtafuta dada yake kwa macho, kama alivyomtafuta maisha yake yote. Dada Mkubwa alikuwa ameshikilia ukingo wa boti kwa mikono miwili.

"Sema, tunakusikia!" alipiga kelele.

"Mtoto alikuwa wangu!"

"Upepo umechukua. Rudia!"

"Nilikuja nyumbani! Nikamficha dada!" Sauti ilimpasuka. "Mtoto alikuwa wangu! Alikuwa wangu!"

Vijana wa doria walitazama viatu vyao. Kamanda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Fundi aliiacha kauli ile ikae juu ya maji mpaka akaridhika kwamba kila mtu botini ameipata. Kisha akarusha kamba, ikamfikia kifuani.

Walimpandisha akitiririka maji. Alitafuta pa kukaa. Kwenye benchi alikuwepo Fundi, na kando yake Dada Mkubwa, aliyeunyoosha mguu wake ulioshonwa juu ya nafasi yote iliyobaki.

"Dada," alisema, "nisogezee kidogo."

"Unauma," alisema Dada Mkubwa, na hakuusogeza.

Akakaa chini sakafuni, kwenye maji machafu, karibu na injini. Boti ilishika kasi. Dada Mkubwa akamwinamia Fundi ili asikike juu ya ngurumo.

"Nikitoka hospitali twende makaburini. Kibao kibadilishwe, na nitawaita wale wanawake wote waje wasikie."

"Wote."

"Wote. Waliobaki hai."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Halafu akamnyooshea kidevu mtu aliyekaa sakafuni. "Na huyu?"

Dada Mkubwa aliuweka sawa mguu wake juu ya benchi.

"Huyu atabeba saruji," alisema.