Jini Linaloshika Sabato

—Shhh! Umesikia?

—Nimesikia.

—Sasa mbona unalia?

Nyamoita alijipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa amechuchumaa kwenye korido ya juu ya Tulia Lodge, hoteli kuukuu iliyozungukwa na majani chai ya Nyacheki, na machozi yalikuwa yanamtoka bila ruhusa. Kando yake Oyoo, mchumba wake kutoka Homa Bay, alielekeza kamera kwenye mlango namba sita. Oyoo alikuwa na ukurasa wake mtandaoni wa kuchunguza nyumba zenye majini, na jini hili la Nyacheki alikuwa amelitamani siku nyingi.

Mwenye hoteli aliapa kwamba chumba hicho hakina mgeni. Lakini ndani kitu kilikuwa kikisugua. Shaaa, shaaa, kisha sha fupi. Maji yakachuruzika, kisha kikaanza upya. Wageni waliokimbia na mabegi yao walisema ni jini linakwaruza ukuta likitaka kutoka.

—Si ukuta, Nyamoita alinong'ona. Huo ni msasa. Msasa kwa jiwe, na maji.

—Umejuaje?

—Oyoo, mimi ni mtu wa Tabaka, kwa wachonga mawe. Nimelala na huo mlio nikiwa mtoto. Baba yangu, Tata, alikuwa anachonga, Mama anasugua. Na kila mtu ana mkono wake. Huo ni mkono wa Mama.

Oyoo akashusha kamera polepole. Mama yake Nyamoita alikuwa ameshazikwa. Yeye mwenyewe alikuwepo mazishini, amesimama nyuma kabisa ya hema, kwa sababu Mzee Nyasani, baba yake Nyamoita, hakutaka kumwona mbele. Mzee huyo alitamka mbele ya ndugu zake na wazee wa kanisa kwamba ng'ombe wa mahari wa Mjaluo hawatakanyaga boma lake. Wapenzi hawa wakasubiri moyo wake ulainike, wakasubiri mpaka wakachoka.

Ndiyo maana leo mabegi yote ya Nyamoita yalikuwa ndani ya gari. Walitoka Nyamira, alikokuwa akifundisha, wakielekea Homa Bay, wakakengeuka kidogo kwa ajili ya jini la Oyoo. Jumatatu wangeandikishwa ndoa kwa msajili, bila baraka za mtu. Alikuwa amemwarifu baba yake, na kwenye simu bado kulikuwa na jibu la mzee:

"Ukienda umeenda. Usinipigie."

Jemimah, mwenye hoteli, akapanda ngazi na chupa ya chai.

—Rekodini haraka, alisema. Leo ni Ijumaa. Jua likizama linanyamaza mpaka kesho jioni.

—Kwa nini linyamaze? Oyoo akauliza.

—Mimi nitajuaje? Ndiyo tabia yake.

Oyoo akaangua kicheko.

—Wueh! Jini Msabato! Hii Kisii yenu hata majini wanaenda kanisa?

Nyamoita hakucheka hata kidogo. Alimkumbuka mama yake chini ya migomba, vumbi jeupe limemkaa kwenye kope, beseni la maji katikati ya miguu. Ijumaa jua likianza kushuka, msasa uliwekwa chini, mikono ikaoshwa, wimbo wa kupokea Sabato ukaanza. Na kila jiwe lilipokamilika, Mama alimwita: "Njoo, weka shavuni." Shavu la mtoto ndilo lilikuwa kipimo chake. Jiwe likikwaruza hata chembe, lilirudi majini. Alitamani jiwe moja tu la siku zile limguse tena shavu.

—Nampigia Tata, alisema ghafla.

—Si alikukataza?

—Najua. Lakini nimwambie nini siku nyingine? Kwamba nilimsikia Mama nikanyamaza?

Akabonyeza namba. Simu ikaanza kuita.

Mlio wa msasa ukakatika. Na ndani ya chumba namba sita, simu ikalia.

—Halo? sauti ikasema kwenye sikio lake.

—Halo? mlango nao ukasema.

Oyoo akaacha mdomo wazi.

—Tata, uko wapi?

Ndani, beseni likasogezwa.

—Niko... niko shambani.

—Shamba gani liko na mlango namba sita?

Simu ikakatwa. Kisha komeo likavutwa, na Mzee Nyasani akasimama mlangoni, suruali imekunjwa mpaka magotini, mikono inadondosha maji meupe kama maziwa. Alikuwa amekonda. Nyamoita alitaka kumkasirikia, lakini hasira ilikataa kuja, ukaja uchungu tu.

—Tata, unafanya nini hapa?

Mzee akasogea kando. Sakafuni, karibu na beseni, kulikuwa na bakuli kubwa la jiwe la waridi. Nusu yake iling'aa. Nusu nyingine ilikuwa bado ina ukungu.

—Ni ya Mama yako, alisema. Alianza kuisugua akiwa bado ana nguvu. Alisema ni ya nyumba yako na huyu kijana.

—Mama alijua kuhusu Oyoo?

—Alijua. Na alimpenda. Mimi ndiye nilikataa.

—Sasa mbona huku, Tata? Mbona usisugue nyumbani?

—Nyumbani! Tabaka yote ni macho. Nilisema mbele ya wazee sitaki, halafu wanione nimekaa na beseni nasugua bakuli ya harusi? Jemimah aliimba kwaya na Mama yako, akanipa hiki chumba. Angekuletea bakuli Homa Bay ikiisha. Mimi nisingekuja.

Nyamoita akageuka.

—Mama Jemimah! Kumbe ulijua!

—Nilijua, Jemimah alijibu bila aibu. Lakini tangu jini lianze, wakikimbia wawili wanakuja kumi kulisikiliza. Ningelifukuza aje?

—Na mkono, Tata? Huo ni mkono wa Mama kabisa.

Mzee aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

—Mimi ni mtu wa patasi, sijui kusugua. Nimefuata tu vile nilikuwa nasikia nyuma yangu nikichonga. Nikikosea, naanza tena. Upande wake sijaugusa.

Hapo Nyamoita alishindwa. Alimkumbatia baba yake, maji meupe yakamchafua blauzi, wakalia wote wawili.

Mzee ndipo akamwona Oyoo na kamera yake.

—Wewe ndiye umekuja kukamata jini?

—Ndiyo, mzee.

—Haya, umelikamata. Utalifanya nini?

Oyoo aliangalia kamera. Ile video ingetazamwa kuanzia Kisii mpaka Nairobi, na aliijua thamani yake. Akabonyeza mara mbili, akamwonyesha mzee kioo kitupu.

—Nimefuta, mzee. Hii ni mambo ya nyumbani.

Mzee Nyasani akageukia dirisha. Dirishani jua lilikuwa limegusa majani chai. Akainama, akaosha mikono.

—Jumatatu msiende kwa msajili, alisema akijipangusa. Jumapili uje Tabaka na wazee wako. Mje mchana, mpite barabara ya sokoni, kila mtu awaone.

—Na ng'ombe, mzee?

—Wewe njoo kwanza. Kwani ng'ombe hawana miguu?

Kisha akaanza wimbo wa kupokea Sabato kwa sauti ya chini. Jemimah akadaka sauti ya pili, Nyamoita akaingia na sauti iliyokuwa ya mama yake, na Oyoo, ambaye hakujua hata neno moja, akavua kofia.

Jumamosi jioni, jua lilipokwisha kuzama, jini la Tulia Lodge lilirudi kazini. Safari hii mlango ulikuwa wazi. Nyamoita alikaa na beseni, Oyoo akimwaga maji. Shaaa, shaaa, sha. Hakuna aliyemfundisha, mkono wenyewe ulikumbuka. Alisugua hadi sehemu yao ikakutana na sehemu ya Mama na mpaka ukapotea.

Akamwinulia baba yake bakuli.

—Tata, pima.

Mzee akatikisa kichwa, akalichukua, akamgeukia Oyoo.

—Kijana, lete shavu.

Oyoo akainama. Jiwe lenye baridi likamgusa, naye akafumba macho, akasikiliza kwa ngozi. Chumba kizima kikamsubiri.

—Hapa, mzee, alisema. Hapa bado inakwaruza kidogo.

Mzee Nyasani akacheka kwa mara ya kwanza tangu amzike mke wake. Akavuta kiti, akampa Oyoo msasa.

—Basi kaa. Sugua na mke wako.