Kwa Nini Sophie Hakumwita Baba Shiku

Nyumba ya Watiri pale Tetu haikosi watu. Asubuhi anayebeba maziwa hupita, akanywa chai. Mchana jirani huja kuazima chumvi, akakaa mpaka saa kumi. Habari zote za kijiji hupitia jikoni humo kabla ya kufika kanisani.

Lakini habari ya Jumatatu ile hakuna aliyemletea. Aliiona kwa macho yake. Alikuwa akirudi kutoka kupeleka majani chai. Alipofika kwa rafiki yake Warigia, akaona ngazi imeegemea ukuta. Juu ya ngazi kulikuwa na Ngatia, fundi wa Kiganjo. Alikuwa akifunga gata mpya, mifereji ya maji ya mvua, chini ya paa.

Watiri alisimama barabarani kama mtu aliyepigwa kofi.

Mume wake, Gathogo, ambaye watu humwita Baba Shiku, amekuwa fundi wa gata na tangi kwa miaka ishirini na miwili. Gata zake hukusanya maji ya mvua bila kumwaga tone. Ngatia huyo huyo alifundishwa kazi na Gathogo! Na Warigia ni wa chama kimoja cha wamama na Watiri. Kanisani wanakaa benchi moja.

Tena ni wiki gani hiyo! Gathogo alikuwa amekosa kazi miezi mitatu. Jumamosi, mtu wa Kagio aitwaye Ireri angekuja na pikap kununua mashine ya Gathogo ya kukunja mabati. Mashine hiyo aliachiwa na baba yake. Fundi wa gata bila mashine ni mkulima bila jembe.

"Warigia! Ebu toka nje!"

"Mama Shiku, karibu chai."

"Chai gani? Ninywe chai na hiyo ngazi ikiniangalia? Umeruka mume wangu ukaenda kuokota mtu Kiganjo! Tumekukosea nini?"

Warigia akashika kiuno. Yeye naye si mtu wa kuonewa mlangoni kwake.

"Nimeruka nani? Mimi nimeamka nikapata fundi hapa. Ati ametumwa na Sophie kutoka Nairobi. Ulitaka nifukuze gata ambazo mtoto wangu amenunua? Kama uko na maneno, mwambie mwenyewe."

Akampigia binti yake, akaweka simu kwa sauti ya juu.

"Sophie," Watiri akasema, "tangu lini wewe hujui Baba Shiku?"

"Woi, Mama Shiku! Si nilikuwa nataka mama asijue? Ningekupigia wewe, Tetu yote ingejua kabla ya jioni."

Ngatia akacheka huko juu. Watiri akamkazia macho.

"Nilitafuta kwa simu," Sophie akaendelea. "Niliandika 'fundi wa gata Tetu'. Ngatia akatokea. Nikaona picha za gata za shule ya Kiganjo. Nikabonyeza namba, akashika. Baba Shiku hakuwa hapo. Huko chini kabisa niliona kampuni moja inaitwa Royal Mlima Solutions, nikaipita. Picha ni za majumba ya ng'ambo yenye theluji. Hizo ni za matajiri."

Masikio ya Watiri yakawaka moto. "Sophie, hiyo ndiyo ya Baba Shiku!"

"Ati nini? Na jina lake haliko! Hata namba ya simu sikuona. Kuna fomu ya maswali kumi na mawili. Inauliza kampuni yangu inaitwaje."

"Mimi kampuni yangu ni kuku," Warigia akasema. "Chai iko tayari, Mama Shiku. Hasira hainywewi."

Watiri hakunywa. Alipanda pikipiki mpaka mjini Nyeri, kwenye kibanda cha mume wake. Gathogo alikuwa akipaka mashine mafuta ili mnunuzi aipate ikiwa safi. Kumwona hivyo kulizidi kumchoma.

"Baba Shiku! Hiyo websaiti yetu iko na theluji! Lini umewahi kufunga gata kwa theluji?"

"Mwai aliyeitengeneza alisema wateja wanapenda hadhi," Gathogo akajibu polepole.

"Na jina lako?"

"Mtu ajisifu mwenyewe? Watu watasema ninaringa. Kizuri chajiuza."

"Kizuri chajiuza kikiwa sokoni," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. "Chako kimefungiwa kwa sanduku."

Alikuwa Kathure, mama wa Meru anayefundisha kompyuta katika kibanda cha jirani. Akatokea mlangoni.

"Msinikasirikie. Ukuta ni bati, hata nikiziba masikio nasikia. Mama Shiku, chama chenu kinakutana lini?"

"Kesho, kwangu."

"Nitakuja. Wamama watatupimia hiyo tovuti. Lakini wewe usiseme neno."

"Nisiseme neno? Kwa nyumba yangu?"

"Mteja akiwa peke yake na simu, wewe hauko kumwelezea."

Kesho yake nyumba ilijaa. Wamama kumi na wawili walishika simu zao. Kathure akawaambia, "Gata yako imevunjika na mvua inakuja. Tafuteni fundi kwa hii Royal Mlima."

Watiri akauma midomo.

"Yangu inazunguka tu," mmoja akalalamika. "Hizo picha ni nzito kama gunia la viazi."

"Hii nyumba ni ya nani? Hapa Tetu hakuna nyumba kama hii."

"Ati 'solutions'! Wanauza dawa ya ng'ombe?"

"Namba iko wapi? Mimi nimechoka. Ningeita Ngatia!"

"Mniache!" Watiri akalipuka. "Huyo Mwai alituibia! Alichukua picha za watu, akaweka kwa jina letu, akatuacha njaa!"

"Ni kweli, alifanya vibaya," Kathure akasema. "Hasira yako ni ya haki. Sasa ipe kazi."

Na Watiri akaipa kazi. Kwanza alimpigia Ireri wa Kagio. Akambembeleza asubiri wiki tatu. Ireri akanung'unika, akakubali.

Kisha akamshika Gathogo mkono. Wakazunguka boma kwa boma, kila mahali alipowahi kufunga gata. Kila mwenye nyumba walimwomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mmoja alikataa, wakashukuru, wakaondoka. Mahali gata kuukuu alizobadilisha zilikuwa bado uani, zimeoza, walipiga picha pia. Kathure alikuwa amesema, "Mtu anataka kuona shida kama yake, halafu aone ilivyorekebishwa."

Siku iliyofuata waliketi na Kathure mbele ya kompyuta. Jina la Royal Mlima likaenda. Juu kabisa wakaandika: *Gathogo, Baba Shiku. Fundi wa gata na tangi, Tetu, Nyeri mjini na Kiganjo.* Chini yake wakaweka namba ambayo mtu akiibonyeza, simu inapiga. Fomu ikatupwa. Picha zikapunguzwa uzito ili zifunguke haraka hata kwa simu ndogo. Kibanda kikawekwa kwenye ramani ya simu.

"Sasa maneno ya wateja," Watiri akasema. "Andika: 'Fundi bora duniani.' Weka jina la Hezekiah."

Kathure akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Mzee Hezekiah amesema hivyo?"

"Angesema!"

"Basi akaulizwe. Ukisema uongo mmoja hapa, hata ukweli wako hautaaminika. Mwai alifanya nini tofauti na hiyo?"

Watiri akaona haya. Walimpigia Mzee Hezekiah, mwalimu mstaafu. Alisema, "Gata zangu ziko na miaka tisa. Moja ililegea. Nilimpigia, akarudi kesho yake."

"Mwalimu, usitaje iliyolegea!" Watiri akaomba.

"Hiyo ndiyo nzuri," Kathure akasema. "Kila kitu hulegea. Watu wanataka fundi anayerudi. Na jambo la mwisho: simu ikilia, ishikwe. Asiyeshikiwa simu humpigia mwingine."

"Mimi nikiwa kwa ngazi sishiki simu," Gathogo akasema.

"Nitashika mimi," Watiri akasema. "Kuongea si ndiyo kazi yangu?"

Wiki ya kwanza simu haikulia. Gathogo akakaa karibu na mashine yake. Wiki ya pili akapiga mwanamke kutoka Nairobi, mama yake yuko Kiganjo. Sophie alikuwa amemtumia ile tovuti. Kesho yake wakapiga wawili, waliotafuta wenyewe tu. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha, simu zikafuatana, na Watiri akasahau ladha ya chai moto.

Jumamosi ya wiki ya tatu, pikap ya Ireri ikasimama mbele ya kibanda. Ndani, mashine ilikuwa ikilia kra, kra. Gathogo alikuwa akikunja gata za boma tatu. Hakuinua hata kichwa.

"Hii ni nini?" Ireri akafoka. "Nimetoka Kagio alfajiri! Nimesubiri wiki tatu! Sasa mashine hamuuzi?"

"Hatuuzi," Watiri akasema. "Pole sana, baba. Ningekupigia jana, lakini simu ilikuwa na watu. Chukua chai."

"Nyinyi si watu wazuri!" Ireri akasema, lakini kikombe akapokea. Akatazama gata zilizokunjwa. Akapitisha kidole kwenye ukingo. "Kwangu Kagio maji yote yanamwagikia ukuta. Huyu mzee wako huja mpaka huko?"

"Sikuambii. Toa simu. Andika fundi wa gata Tetu."

Ireri akaandika, bado amekunja uso. Picha ya Gathogo juu ya ngazi kwa Mzee Hezekiah ikafunguka. Akasoma maneno ya gata iliyolegea. Akatikisa kichwa. Kisha akabonyeza namba.

Simu ikalia ndani ya aproni ya Watiri. Akaitoa, akasafisha koo.

"Gata za Baba Shiku, karibu. Unapiga kutoka wapi?"

"Mama," Ireri akasema, kikombe mkononi, "niko mbele yako!"