Matone ya Getini

Sikilizeni, jirani zangu, maana jambo hili lilitokea mtaani kwetu hapa Maseru, na wengi wetu tulilicheka.

Jumapili moja ya baridi, Mamosele aliketi juani, ameegemea ukuta, akichambua maharagwe. Kando yake mkwewe Maneo, mshonaji wa kiwanda cha jinzi, alikuwa amejifunika blanketi, anakoroma. Mamosele alikwisha kuwatangazia majirani kuwa mwanawe Sechaba ameoa usingizi. Mara mkoromo ukakatika. Kifua kilipanda na kushuka, lakini pumzi haikuingia wala kutoka. Mamosele akaacha maharagwe. Alipotaka kupiga yowe, Maneo akashtuka, akavuta hewa kama aliyetolewa majini, akaendelea kulala. Punde ikawa vilevile tena.

Alipoamka na kuulizwa, hakukumbuka lolote. Alisema ni uchovu tu.

Wiki hiyo alisinzia kwenye cherehani, sindano ikamtoboa kidole. Msimamizi akamwonya kuwa akirudia, kazi hana. Sechaba akashuku kwamba mkewe anakunywa, akahamia kulala jikoni. Lakini Mamosele hakutulia: mlevi hulala, sawa, ila pumzi yake huenda wapi? Akawa anamchunguza. Ndipo alipomwona nyuma ya kamba ya nguo, ameinua kichwa, anajidondoshea matone puani kutoka kwenye kichupa. Kabla hajamaliza kuanika, akarudia.

"Mwanangu, hicho ni nini?"

Maneo alikificha, kisha akachoka kuficha. "Dawa ya pua, mama. Vumbi la kitambaa linatuziba. Wanaiuza getini pa kiwanda, tunatumia sote. Zamani tone moja lilinitosha kutwa. Sasa nisipotia kila mara, hewa haipiti."

Mamosele alipapasa kopo lake la ugoro mfukoni. "Mimi na ugoro tumeoana miaka mingi," akasema. "Mtu aliyefungwa kamba ya pua namjua. Twende zahanati."

Huko muuguzi alitaka kutoa vidonge vya mafua. Mamosele akaomba radhi, akakaa kitini, akamwigiza Maneo: akakoroma, akakata pumzi mpaka macho yakamtoka. Foleni nzima ilicheka. Muuguzi hakucheka, alimwita daktari. Daktari akaeleza kuwa vumbi limevimbisha pua, na matone yale, yakitumiwa mfululizo, huivimbisha zaidi. Tena koo la Maneo hujifunga usingizini, ndiyo maana analala asishibe. Akambadilishia dawa, akamkataza matone, akamwambia alale ubavu, na akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kupimwa usingizi.

Siku za kwanza zilikuwa mateso. Maneo alilia akiomba kichupa chake. Sechaba, aliyerudi chumbani kwa aibu, alimwekea mito mgongoni ili asilale chali. Tundu moja la pua likafunguka, baadaye la pili. Hospitali nayo ikampima usingizi, ikaendelea kumtibu.

Kiwandani aliwaeleza wenzake. Baadhi walivaa barakoa, wakaenda kwa msimamizi kudai feni za kutoa vumbi. Rafiki yake Puleng alicheka, akanunua kichupa kingine. Majuzi Puleng alisinzia kwenye mashine ya kukatia vitambaa. Vidole viwili hana.

FUNZO

Anayesinzia mchana msimwite mvivu kabla hamjasikiliza anavyolala. Mwenye kulala hajisikii. Shahidi wake ni mtu wa nyumbani mwake. Na dawa inayozidi kudai kila ukiipa, ndugu zangu, imekwisha kuwa bwana. Mwoneni daktari kungali mapema.