Kwa Kuku, Mama Ndiye Anayeamua

Tenga la Mashimba lilifunguka katikati ya abiria wa kivuko cha Kamanga, na tetea mmoja akatua juu ya viatu vyeupe vya Adventina, dada mrefu wa Kihaya aliyevaa gauni la kitenge cha njano.

"Samahani, dada. Nitakununulia vingine."

"Viache. Nipe tone la damu ya kuku wako."

Mashimba alidhani amekutana na mchawi. Kumbe Adventina alikuwa mtafiti wa ndege, kazi yake kuhesabu kromosomu zao, vile vinyuzi vya urithi, maabarani. Mwezi haukuisha kabla simu hazijawa za kila jioni.

"Kuku ana ngapi, mpenzi?"

"Sabini na nane, na nyingi ni ndogo mno hata kwa darubini. Bata themanini. Aina nyingine za mdiria, yule ndege mvuvi, zinapita mia na thelathini."

"Na kifaranga awe jogoo au tetea, nani anaamua?"

"Mama yake. Kwa ndege wote ni mama."

Mashimba, muuza kuku wa Sengerema, alilipenda neno hilo. Posa ilipokwisha kukubaliwa, akalimwaga nyumbani mbele ya mama yake, Ng'washi, bila kusema kwamba ni habari za ndege tu.

"Huyo mchumba wako kwao wako wangapi?" mama akauliza.

"Sita. Wasichana watupu."

"Basi naye atazaa hivyo hivyo. Ng'ombe wa mahari hawatoki hapa."

Na mwanamume mzima, badala ya kumtetea mchumba, akampigia simu kumpelekea habari hiyo! Nakwambia, alistahili kofi.

Adventina alijifungia chumbani kwake Ilemela, dirisha likitazama jiwe tupu. Bukoba dada zake walikwisha kushona sare za harusi, hivyo kurudi ilikuwa aibu. Kwenda mbele hakuna njia. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba kamba iliyomfunga aliisokota mwenyewe.

"Si ulisema mwenyewe?" Mashimba alijitetea kwenye simu.

"Nilisema ndege! Mimi ni kuku, Mashimba? Kwa watu ni kinyume, baba ndiye anayeamua. Mwambie mama."

"Siwezi. Nitakuwa namsema marehemu baba."

"Basi nitamwambia mimi."

Kesho yake akavuka kwa kivuko hadi kwao Mashimba. Alipiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Ng'washi alijibu bila kumtazama.

Adventina akachora kwenye daftari. "Vinyuzi vya jinsia, kromosomu, mwanamke anazo mbili zinazofanana, mama, hana cha kuchagua. Mwanamume zake mbili zinatofautiana. Anayoitoa yeye ndiyo inayofanya mtoto awe wa kike au wa kiume."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mama."

Ng'washi aliutazama mchoro mpaka machozi yakamtoka. "Nilizaa mabinti saba kabla ya huyu Mashimba. Mara saba mume wangu alinirudisha kwetu, mzigo kichwani. Nami nikajichukia mara saba."

Adventina alimshika mikono, wakalia pamoja. Mashimba alisimama mlangoni, hajui pa kuficha uso.

Mama akajifuta kwa kanga, akamgeukia mwanawe.

"Ng'ombe waende Bukoba wiki hii. Na akizaa mabinti kumi, atakayejitwika mzigo na kuondoka ni wewe."