Mstari wa Chaki Mlangoni

Kila asubuhi kiranja wa darasa la sita aliwahi shuleni kabla ya wenzake, akafungua madirisha, akafuta ubao na kupanga viti. Wiki hiyo alijiongezea kazi moja: kujipima mlangoni. Ijumaa darasa lao lingekwenda kwenye bustani ya michezo ya mkoa, na treni ya angani ya huko haipakii mtoto asiyefika sentimita mia moja na arobaini. Kwa hiyo mwalimu alikuwa amepima kimo hicho na kuchora mstari wa chaki kwenye mlango wa darasa. Jana kiranja aliufikia, akarukaruka kwa furaha mpaka kiatu kikamchomoka.

Leo alisukuma mlango, ukafunguka kimya bila kukwaruza sakafu kama kawaida yake. Hakujali. Aliufunga, akasimama wima, akalaza rula utosini, akageuka kuangalia. Lahaula! Mstari ulikuwa juu ya rula kwa upana wa vidole viwili.

"Mtu hafupiki kwa usiku mmoja," alijisemea. "Kuna aliyeupandisha."

Nani? Jana jioni aliyebaki darasani alikuwa Sindano, rafiki yake wa dawati moja, mwembamba na mfupi kuliko wote. Alipotoka, vidole vyake vilikuwa vyeupe pe kwa chaki. Kiranja alipomuuliza alikuwa akifanya nini, alicheka tu: "Utaona kesho." Hee! Kumbe ndiyo haya! Kwa kuwa yeye hapandi treni, basi na mwenzake asipande. Roho ilimuuma kiranja, maana alimpenda Sindano kama ndugu.

Wenzao walipoingia tu, alimvaa.

"Sindano, roho mbaya hiyo umeitoa wapi? Umefuta mstari ukachora mwingine juu!"

"Mimi? Hata mlango sijaugusa!"

"Na ile chaki mikononi jana?"

Machozi yalimlengalenga Sindano. Darasa likaanza kunong'ona, na wawili wakasogeza viti vyao mbali naye.

Mara fundi seremala wa shule akachungulia, bisibisi mkononi, mwalimu akiwa nyuma yake, amesikia yote.

"Wanangu, mlango unafunguka vizuri? Jana jioni nimeutia bawaba mpya nikaunyanyua kidogo. Kelele zake zilinichosha."

Kiranja alihisi uso ukimwaka moto. Mlango umepanda, na mstari umepanda nao!

Mwalimu alichukua futi kamba ya fundi, akampima upya ukutani. Mia moja na arobaini, barabara. Lakini safari hii kiranja hakuruka. Alikuwa anamtazama Sindano, ambaye alikwenda kuinua ramani iliyofunika pembe ya ubao. Chini yake palikuwa na mchoro wa chaki wa basi la safari, kila kiti na jina la wa kukikalia. Kiranja alipangiwa mbele, dirishani, kando ya Sindano.

"Si huwa unatapika ukikaa nyuma?" Sindano alisema.

"Kushuku si kosa," mwalimu alisema. "Kosa ni kumhukumu mtu kabla ya kuuliza. Swali moja tu, 'Nani ameugusa mlango?', lingetosha. Umemshtaki mbele ya watu, basi muombe radhi mbele ya watu."

"Nisamehe, rafiki yangu," kiranja alisema huku akilia. "Nimekuonea."

Wale wawili wakarudisha viti vyao, wameinamisha vichwa.

Sindano alijifuta machozi. "Nimekusamehe. Ila ukishuka kwenye treni hiyo unisimulie yote, usiruke hata kona moja."